Matundu Yasiyotoa Damu

Dokta Benedicta hakuipenda picha ya tatu. Zile mbili za mwanzo alizipitisha haraka kama anayetazama harusi ya jirani, lakini hii aliivuta kwa vidole viwili, akaikuza, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake, akaivaa tena.

"Hii pamba nani kaiweka?"

"Hilo ndilo lililonitoa Mbeya, Dokta," alijibu Inspekta Tumpe.

Asubuhi ya Iringa ilikuwa na baridi ya kuuma masikio. Chai iliyoletwa ofisini mwa daktari ilishapoa na hakuna aliyeigusa. Tumpe alikuwa amelala kwenye gari la polisi njia nzima, kichwa kikigonga kioo, na shingo ilimuuma, lakini hamu ya kujua ilimzidi maumivu.

"Nianzie mwanzo," alisema. "Huyu anaitwa Filemoni, mgawa maji wa mifereji kule Ubaruku, Mbarali. Jumanne asubuhi kijana wa bodaboda, Ombeni, alimfikisha zahanati. Mguu umefungwa tyubu ya baiskeli juu ya goti, na chini kwenye shavu la mguu kuna matundu mawili. Macho mazito, ulimi hautamki. Ombeni akasema kamkuta hivyo kwenye lango la mfereji, kagongwa na nyoka."

"Na nesi?"

"Nesi ni mmoja tu, Anjela. Alipiga picha hii kabla hajagusa kitu, akamtumia mganga wa wilaya kuuliza afanye nini. Jibu likachelewa. Akamchoma sindano ya maumivu, akakata tyubu. Mgonjwa akavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, moyo ukasimama. Watu walikuwa dirishani wanatazama. Waliona sindano, wakaona mkasi, wakaona maiti."

Hakusema yaliyofuata, kwa sababu yalimkera bado. Watu walivunja vioo vya zahanati. Mjane wa marehemu, Sabina, alimrarua Anjela sare yake. Tumpe ndiye aliyemtia nesi yule mahabusu, na ukimuuliza atakwambia ilikuwa kumwokoa na mawe. Kweli ilikuwa hivyo, ila nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba alimshuku. Siku iliyofuata ziara hii Anjela alitakiwa kupandishwa kizimbani kwa kesi ya mauaji, na kwa kesi ya mauaji hakuna dhamana. Na yule Ombeni wa bodaboda hakuonekana tena tangu Jumanne ile, simu imezimwa, pikipiki imeachwa kwa mama yake. Jalada lilikuwa na washukiwa wawili, mmoja ndani na mmoja mbioni.

"Daktari wa Mbeya aliyeupasua mwili hakuwa na uhakika na nyoka," aliendelea. "Lakini alipoiona pamba hii chini ya tyubu, akasema hiyo si kazi ya mkulima. Akaniambia nije kwako, wewe ndiye uliyemfundisha."

Dokta Benedicta alitabasamu kidogo, kisha uso ukarudi ulivyokuwa. "Wakulima wenu hufungaje?"

"Kila mtu wa mpunga anatembea na kipande cha tyubu kiunoni. Nyoka akigonga, unafunga kwanza, Mungu baadaye. Wanavuta mpaka meno yanatoka nje. Pamba hawana habari nayo."

"Naam. Sasa tazama matundu. Kuna damu?"

Tumpe aliinama. Picha ile alishaitazama mara nyingi mno, na mara zote alikuwa akitafuta kilichopo. Hakuwahi kutafuta kisichokuwepo.

"Hakuna."

"Nesi aliusafisha mguu?"

"Anaapa hakuugusa."

"Basi." Daktari aliiweka simu mezani taratibu. "Mimi ni mpasuaji wa mifupa, mwanangu. Kabla sijakata mguu naufunga juu, ili nikikata nione mfupa na si dimbwi la damu. Ukishaufunga sawasawa, chini yake choma unavyotaka, tundu litakaa kavu. Sasa niambie, nyoka akimgonga mtu anayetembea, damu hutoka lini?"

"Hapo hapo. Kabla hajafunga."

"Na hii haikutoka."

Tumpe aliinama tena juu ya picha. "Kwa hiyo alifungwa kwanza, ndipo akatobolewa."

"Hapakuwa na nyoka. Kuna mtu alichukua kitu chenye ncha, tuseme sindano ya kushonea magunia, akatoboa mara mbili mguu ambao ulishakufa ganzi. Na mwenye mguu hakupiga kelele, maana kwa macho hayo unayonieleza alikuwa amenyweshwa dawa ya usingizi."

"Lakini hakufia huko. Alifia zahanati. Nini kilimuua?"

"Kufunguliwa."

Tumpe aliuliza tena, ingawa alikuwa amesikia vizuri.

"Damu ikikatizwa, neva ndiyo ya kwanza kulalamika," alisema Dokta Benedicta. "Ganzi, kisha vidole vinakataa kutii. Nyama huvumilia zaidi, lakini nayo ina mwisho. Ukiiacha usiku kucha inakufa, na nyama iliyokufa inatoa sumu. Tyubu inaishikilia ile sumu huko huko chini. Mtu anaweza kukaa anazungumza na wewe. Halafu anakuja msamaria mwema na mkasi, sumu yote inapanda kwa mkupuo mmoja, na moyo hauiwezi. Nesi wako amemuua, ndiyo. Ila ni kama umpe mtu bunduki umwambie ni mwiko wa ugali."

"Nanyi humu ndani mnafanyaje wagonjwa wasife?"

"Tunaogopa. Hiyo ndiyo siri yote. Tunazungusha pamba chini ya mkanda ili neva isisagwe. Kuna mtu kazi yake ni kutazama saa tu. Muda ukikaribia anapiga kelele, tunalegeza, damu inapita, mguu unapumua, ndipo tunaendelea." Aliinyanyua simu tena. "Na aliyemfunga marehemu wenu anajua haya. Tazama pamba ilivyolaliana, kila mzunguko unafunika nusu ya mwenzake, na ncha imekunjiwa juu isimguse mgonjwa. Hivyo ndivyo tunavyofundisha humu. Alikuwa anaua mtu, na bado mkono wake ulikataa kumfunga bila pamba."

"Mazoea yana taabu," alisema Tumpe.

"Yana taabu sana."

"Kuna mtu wa chumba chenu aliyehamia Mbarali?"

Daktari aliigeuza simu kifudifudi mezani. Ilionekana jibu lilimjia mapema na alikuwa akitafuta namna ya kulikwepa.

"Hakuhama, tulimwondoa. Mhudumu wa chumba cha upasuaji, mkono mwepesi, tulimpenda. Dawa za usingizi zikaanza kupungua kabatini. Anaitwa Adrian."

Tumpe alisimama, hata kiti kikaanguka nyuma yake. Adrian alimfahamu. Ubaruku nzima ilimwita Daktari Adrian, mwenye duka la dawa barabarani, mwenye koti jeupe ambalo hakuna chuo kilichompa. Ndiye aliyetoa turubai la msiba wa Filemoni. Ndiye wa kwanza kuja kituoni, kofia mkononi, kusema kwa huzuni kwamba alimsikia nesi Anjela akigombana na marehemu. Tumpe alimshukuru kwa ushirikiano wake. Akampa na mkono.

"Dokta, swali la mwisho," alisema akiwa mlangoni. "Nikimkuta mwingine amefungwa hivi?"

"Mwambie achezeshe vidole. Vikicheza, fungua bila hofu. Visipocheza, na shavu la mguu likiwa gumu kama ubao, usifungue, hata akulilie. Mtundikie maji ya dripu, mpeleke kwa mpasuaji na tyubu yake. Mguu utakatwa, mtu atabaki." Alimtazama. "Unamtarajia mwingine?"

"Bodaboda wangu hajaonekana," alisema Tumpe.

*

Gari liliacha Mafinga nyuma, misonobari ikapita, Makambako ikaja na upepo wake. Tumpe alikaa mbele na simu mkononi, akimwambia dereva aongeze mwendo, na dereva, mtu mzima mwenye watoto, akijibu ndiyo afande bila kuongeza kitu.

Alikuwa akiyachambua upya maneno ya Anjela. Usiku ule wa kwanza mahabusu nesi yule alimwambia jambo, na Tumpe akaliona ni porojo za mshukiwa. Kwamba siku chache kabla ya kufa, Filemoni alipita zahanati akauliza, dada, hivi dawa za serikali huwa zinalala kwenye duka la mtu? Kwamba alipokuwa akizunguka mifereji alfajiri, aliona makasha yakishushwa nyuma ya duka la dawa, yenye mihuri ya serikali. Anjela, ambaye kila mwezi alilalamika wilayani kwamba dawa zinafika pungufu, alimwambia wakutane wazungumze vizuri. Hawakuwahi. Na makasha yale yalibebwa na nini kama si pikipiki? Ombeni.

Sasa ulikuwa wazi huo mpango. Adrian hakutaka kumuua Filemoni tu. Alitaka Anjela ndiye amuue, mbele ya madirisha, mchana kweupe, kwa huruma yake mwenyewe. Shahidi mmoja kaburini, wa pili gerezani. Aliyebaki wa kusema kweli na kumtoa nesi yule kizimbani alikuwa Ombeni peke yake.

Walikuwa wakishuka kuelekea Igawa, joto la bonde likianza kuingia madirishani, simu ilipoita. Sajenti Kalinga, msaidizi wake, Mhehe mpole aliyemwacha Ubaruku.

"Afande, habari njema! Tumempata Ombeni. Wapalizi wamemkuta kwenye majaruba ya mpunga asubuhi hii, alikuwa kajificha huko. Ila bahati mbaya, nyoka kamgonga naye. Wamemleta zahanati na mguu wamekuta umefungwa."

"Kalinga." Alikaa wima kitini. "Mmemfungua?"

"Ndiyo tunataka. Daktari Adrian kafika kusaidia, maana nesi si tunaye sisi. Anasema tufanye haraka mguu unaoza. Mama yake Ombeni naye kashika kisu cha jikoni…"

"Msifungue! Unanisikia? Asiguse mtu! Akifunguliwa anakufa kama Filemoni!"

"Afande, watu ni wengi. Watanielewaje?"

"Wasikuelewe. Simama kati ya Adrian na ule mguu, umchekee, usimkamate mpaka nifike. Ukimshika sasa watu watakuvamia, na kisu kitapita nyuma yako. Halafu tuma askari amtoe Anjela mahabusu."

Kalinga akasema kwa sauti ya chini, "Afande, watamla nyama."

"Mpitishieni mlango wa nyuma."

Kijiji kizima kilikuwa kimemfungia nesi wake wa pekee, na sasa kilikuwa na mgonjwa. Penye miti hapana wajenzi, lakini hapa mjenzi alikuwepo, walimtia kufuli wenyewe. Tumpe alijilaani kwa Kinyakyusa, kimyakimya, maana sahihi kwenye ile karatasi ya mahabusu ilikuwa yake.

Mtandao ulikatika Igawa, ukarudi karibu na Rujewa. Safari hii simu ilipokelewa na Anjela.

"Mimi sigusi mtu, afande." Alisema kabla hajasalimiwa. "Wa kwanza nilimgusa."

"Dada Anjela, nisikilize. Sikuambii ufungue. Nakuambia usifungue. Mwambie achezeshe vidole vya mguu."

Alisikia vishindo, mwanamke akilia, sauti ya mwanamume ikisema kwa upole, mnapoteza muda jamani. Upole ule ndio uliomtisha.

"Ombeni, chezesha vidole," alisema Anjela kwa mbali. "Ndugu yangu, jaribu. Hata kimoja."

Tumpe alisubiri huku gari likiruka mashimo.

"Havichezi," alisema Anjela. "Kabana uso anajitahidi, lakini havichezi. Na mguu ni wa baridi. Na hapa kwenye shavu…" Alishusha sauti. "Ni kama nashika ubao."

"Chini ya tyubu kuna nini?"

"Pamba. Kama ya yule."

"Basi usifungue mpaka Mbeya. Mtundikie maji. Akikulilia usifungue. Mimi nikikuambia fungua, hakikisha kwanza ni mimi."

*

Watu walijaa uwanja wa zahanati mpaka barabarani, wengine na matope ya majaruba miguuni. Hawakumpisha Tumpe. Alipita kwa kusukuma, na alisikia mtu akisema kwa makusudi asikie, "Wamemleta yule yule mchawi amalizie."

Ndani, Ombeni alikuwa kitandani, kijana wa miaka ishirini na kitu, midomo imekauka, macho yakifumba na kufumbua. Dripu ilikuwa inashuka. Mama yake, Severina, alikuwa sakafuni amekumbatia kichwa cha mwanawe. Kisu kilikuwa mkononi mwa Kalinga, na jasho lilikuwa limemlowesha Kalinga mpaka mgongoni. Anjela alikuwa kwenye ncha ya kitanda, sare bado imechanika begani, viganja viwili juu ya tyubu.

Na Adrian alikuwa pale pale, koti jeupe, mkasi mfukoni, uso wa mtu anayeumia kwa ajili ya wenzake.

"Afadhali umefika, afande," alisema. "Huyu sajenti wako ni mtu mwema lakini si mtabibu. Mguu umekosa damu toka alfajiri. Hata mtoto anajua kufungua."

"Toka alfajiri? Nani kakwambia alfajiri?"

"Nakadiria tu."

"Alikutwa asubuhi hii. Waliomkuta wanajua saa waliyomkuta, hawajui saa aliyofungwa."

Watu wa mlangoni walisogea wasikie. Adrian alitabasamu, si sana, kama mwalimu anayemvumilia mwanafunzi.

"Tutabishana maneno, mtoto afe?"

"Nifungulieni mwanangu," alilia mama Severina. "Jamani, mimi nimewakosea nini? Tyubu tu hiyo!"

"Nifungue, dada," alisema Ombeni kwa ulimi mzito. "Paja linaungua. Nifungue, nakuomba."

Machozi yalimtiririka Anjela mpaka kidevuni na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Hakuiachia tyubu.

Tumpe alisogea mpaka akawa ana kwa ana na yule mwanamume. "Daktari Adrian, kule Iringa mlikuwa mnafungua hivi hivi? Mkasi tu, bila kutazama saa?"

"Iringa ipi?"

"Ya Dokta Benedicta. Anakusalimu. Anasema mkono wako ulikuwa mwepesi, na pamba ulikuwa unaizungusha vizuri kuliko wote. Watu hawa hawajui, na nesi huyu hakujua. Humu ndani ni wewe tu uliyekuwa unajua kwamba ukimfungua anakufa. Na wewe ndiye unayepiga kelele afunguliwe."

Hakukana. Hilo Tumpe alilikumbuka baadaye, kwamba hakupoteza hata neno kwa kukana. Upole ulimtoka usoni kama mtu aliyevua kofia, akautazama mguu, na Tumpe akaelewa kitakachofuata kwa kuchelewa kidogo. Adrian alichomoa mkasi na kuruka kitandani.

Hakumlenga mtu. Alilenga tyubu. Pigo moja tu na shahidi angekwenda na siri yake, na nani angesema si ajali? Anjela alijitupa juu ya ule mguu kwa kifua chake. Mkasi ulimpasua mgongo wa mkono, ukateleza, ukapasua tena. Alipiga yowe, lakini viganja vilibaki pale pale vimeshika, damu yake ikichuruzika hadi kwenye shuka. Kalinga, yule mpole, alimshika Adrian shingo kwa nyuma na kwenda naye chini pamoja na meza ya dawa.

Pingu zilifungwa kukiwa na kelele. Kisha kelele zikaisha ghafla, maana Ombeni alikuwa akisema kitu, na kila mtu alitaka kusikia.

"Alinipa soda," alisema. "Jumanne ile ile. Akaniambia pole kwa kumbeba mgonjwa, kunywa. Alinituma nimfuate Filemoni langoni, nikamkuta keshafungwa. Alinionya, ukiulizwa sema nyoka. Ile soda ikanilaza, nikiamka ananinywesha nyingine, mpaka nikaamkia jarubani. Mama, mguu wangu siusikii."

Mama Severina aliinua macho kwa Tumpe. Hakuwa tena na sauti ya kulia. "Niambie ukweli, mwanangu. Mimi ni mtu mzima."

Tumpe alichuchumaa mbele yake. "Mama, tukimfungua hapa, unazika kesho. Tukimpeleka Mbeya hivi hivi, watamkata mguu. Lakini atarudi nyumbani."

Yule mama alikaa akiutazama mguu wa mwanawe, ambao aliujua tangu ukiwa na ukubwa wa kidole gumba. Kisha akaufunika kwa khanga yake.

"Heri nusu shari," alisema. "Mbebeni."

*

Walielekea Mbeya. Anjela alikaa nyuma ya gari na mkono uliofungwa bandeji, akishika tyubu kwa ule mwingine kila gari liliporuka, na Ombeni alipomwomba alimjibu kila mara vilevile, bado kidogo ndugu yangu, bado kidogo. Karibu na mji, pale Uyole, malori yalikuwa yameziba barabara na dereva, yule mwenye watoto, alipita pembeni juu ya viazi vya watu bila hata kuombwa. Jua lilikuwa linazama walipofika hospitali kubwa ya mjini. Wapasuaji walikuwa wanawasubiri, Dokta Benedicta alishawapigia. Waliuangalia mguu, wakaangaliana, wakamwingiza ndani na tyubu yake.

Alipotoka mmoja wa wapasuaji alisema kwa kifupi. Mguu umekwenda. Moyo unapiga vizuri. Mama Severina alipiga magoti pale pale koridoni akasali kwa Kisangu, kwa sauti, akiwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja.

Tumpe alikaa kwenye benchi karibu na Anjela. Alikuwa na furaha, na hakuona haya kuwa nayo. Alimweleza kila kitu: picha, pamba, matundu makavu. Alimwambia kesho hakuna kizimbani, jalada litafungwa kwa jina jingine, na yeye mwenyewe Tumpe anaomba radhi kwa zile siku za mahabusu. Aliomba kweli, akimtazama machoni.

Anjela alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukuchangamka.

"Afande, Filemoni naye ningemwacha na tyubu yake. Ningemleta hapa hivyo hivyo. Angepona?"

Tumpe alikuwa mpelelezi wa siku nyingi. Alishadanganya wezi, wauaji, hata mawakili, na usingizi ukamjia vizuri tu. Uongo mmoja mdogo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini ushahidi aliohangaika nao Iringa na kurudi, huo uliomtoa nesi huyu kifungoni, ulisema jambo moja tu, na mwenye kuusoma vizuri kuliko wote alikuwa amekaa kando yake.

"Angekatwa mguu," alisema.

"Nimekuuliza angepona."

"Ndiyo. Angepona."

Anjela aliitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa. Aliikaza bandeji ya mkono wake.

"Kesho nipeleke kwa Sabina, mkewe," alisema. "Nataka ayasikie kwangu, si kwako."

"Dada Anjela, yule mama alikurarua nguo. Watakupiga mawe. Ngoja kwanza niwaeleze mimi, wapoe."

"Ukiwaeleza wewe utasema sikujua."

"Hukujua kweli!"

"Ndiyo. Na mimi ndiye niliyeshika mkasi." Alisimama, mkono ule wa bandeji ukiwa kifuani. "Tuondoke mapema, kabla hajaenda jarubani."

Tumpe alisimama naye. Alikwenda kumwambia dereva kwamba kesho alfajiri watarudi Ubaruku.